Vituo tisa vya njia ya misafara, kwa mizani ya mpagazi

Mwezi wa saba mpwa wangu anayesoma Ujerumani alinitumia picha mfululizo: Hamburg, Berlin, Leipzig, München. Miji minne kwa wiki mbili, anashuka treni hii anapanda ile, na jua la kiangazi cha kwao bado linawaka saa tatu usiku. Chini ya picha ya mwisho akaandika: "Mjomba, na wewe tembea basi."

Nikamjibu kwamba Wajerumani hao hao walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora 1912 na Kigoma 1914, tena sehemu kubwa waliipitisha jirani na njia ambayo babu zake walikwisha kuisawazisha kwa nyayo. Miji ya kutembelea tunayo. Nikafunga begi.

Sikwenda peke yangu. Nilimchukua mtani wangu, mwalimu mstaafu tuliyefundisha naye chumba kwa chumba. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na hapo msomaji wa Kitanzania keshajua kwamba safari ilikuwa na kelele tangu stendi. Wazee wa pande zote mbili wanausimulia utani wetu hivi: wapagazi wa bara walipoteremka pwani walilala kwa Wazaramo, wakala kwao, wakaugua kwao, na aliyekufa akazikwa na wao. Aliyekuosha maiti yako ana ruhusa ya kukuambia lolote. Kwa hiyo orodha hii ina maneno yake na yangu, na palipo na ukali ujue ni undugu.

Wataalamu walikwisha kupeleka UNESCO, mwaka 2006, majina ya vituo sita vya njia ya kati ya misafara: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tumewaongezea vitatu kwa mamlaka tuliyojipa, vikawa tisa. Mizani yetu ni moja: mpagazi. Mtu mwenye frasila mbili begani, karibu kilo 32, na njiani miezi miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi, kutoka pwani hadi Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Angefurahi kukiona kituo hiki? Angepata maji, chakula, kivuli? Angekubali kulala siku ya pili? Watafiti wa Kizungu wana vitabu vyao na sanamu zao. Huyu hana, na bila yeye hakuna aliyefika popote. Ndiyo maana tumempa yeye kura.

9. Mamboya

Vilima vya Ukaguru, upepo wa baridi, kijani kila upande. Kosa lake ni moja tu: aliyetoka pwani hapa ndipo anapoanza kupanda. Mtani wangu aliitazama njia, akatazama viatu vyake, akasema, "Miguu imepiga kura." Tukaendelea.

8. Kilimatinde

Hapa nchi inakatika. Unasimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, chini yako tambarare ya Bahi imetandazwa kama mkeka, na unaelewa kwa nini Wajerumani waliweka boma juu kule. Kwa macho, Kilimatinde ingekuwa ya tatu. Kwa mpagazi ni ya nane, kwa sababu magharibi yake huanza Mgunda Mkali, ile nyika ya vichaka vya Itigi ambamo msafara uliingia na vibuyu vimejaa na kutoka na midomo imepasuka. Anayeanguka, mzigo wake hugawanywa kwa wenzake. Mzigo haukuachwa. Mtu, mara nyingi, aliachwa.

Treni huivuka sehemu hiyo watu wamelala.

"Mnyamwezi," mtani aliniuliza, "hapa ndipo mlipojifunza kutembea usiku?"

"Hapa ndipo tulipojifunza kwamba Mzaramo akiishiwa maji hukumbuka undugu."

7. Bagamoyo

Kwa namba hii ilibidi tusimame barabarani dakika ishirini, maana huku ni kwao.

Hoja zake: Bagamoyo ndiyo mwisho wa safari na ndiyo mwanzo. Bahari hii hapa, samaki hawa hapa, na jina lenyewe ni bwaga moyo, tua mzigo, pumzika. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa 1868. Milango ya nakshi, magofu ya Kaole. "Na wewe unaiweka ya saba, kama kituo cha kujaza mafuta!"

Hoja yangu: jina hilo lina tafsiri mbili, na aliyefungwa mnyororo hakulisikia kama alivyolisikia mpagazi. Kwa mpagazi wa Kinyamwezi, mtu huru aliyekuja na ujira wake, bwaga moyo ni faraja. Kwa aliyeuzwa, ni kuuacha moyo bara kwa sababu mwili unavushwa. Siwezi kuupandisha daraja mji ambao jina lake linalia upande mmoja na kucheka upande mwingine. Mtani alinyamaza. Utani una mahali unapokoma, na sote wawili tunapajua.

Kisha alinipeleka misheni, kwenye mnara wa kanisa la zamani, akanionyesha ulipolala mwili wa Livingstone usiku mmoja wa Februari 1874. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliubeba kutoka kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Miezi tisa. Waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na turubai, wakaupitisha Unyanyembe na kuufikisha hapa. Moyo waliuzika kule kule chini ya mti.

"Basi huyo," mtani akasema taratibu, "alifika Bagamoyo moyo akiwa amekwisha kuubwaga."

Kwa sentensi hiyo nilimwahidi namba 6. Alikataa. Alisema Wazaramo hawapokei hongo, jambo ambalo linatuleta Ugogo.

6. Mpwapwa

Maji! Mpwapwa ina maji, na mbele yake kuna Marenga Mkali, jangwa dogo ambalo jina lake tu linakuonya kuwa maji yake ni machungu. Kwa hiyo misafara ilitua hapa, ikala, ikasubiri misafara mingine ili iungane. Ugogo haukupitwa na watu wachache. Watemi wa Wagogo walidai hongo, ushuru wa kupita katika nchi yao na kunywa katika visima vyao, visima walivyovichimba wenyewe katika nchi kame. Ulilipwa kwa shanga na kwa doti za kitambaa: kaniki ya rangi ya usiku na merikani, ile nguo nyeupe iliyokuja na merikebu za wafanyabiashara wa Marekani na kubaki na jina la kwao.

Leo hongo ni neno la aibu, la bahasha na la chini ya meza. Lakini hongo ya Mgogo ilitolewa mchana, mbele ya watu, ikahesabiwa doti kwa doti, na ukilipa unapita salama. Nadhani neno hilo limeonewa. Ningependa siku moja lirudishiwe heshima yake, na kile kinachofanyika chini ya meza kitafutiwe jina jingine.

Na posho je? Posho nayo ni ya njia hii, ile pishi ya nafaka au kipande cha nguo alichopewa mpagazi kwa ajili ya chakula chake. Kila mtumishi anayeisubiri posho yake ya safari anasimama kwenye foleni ndefu kuliko anavyofikiri.

5. Uvinza

Hiki ni cha kwanza kati ya vile tulivyoongeza. Chumvi. Watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za Uvinza kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, kabla ya msafara wowote wa pembe. Chumvi hiyo ilikwenda ziwani, ikaenda Unyamwezi, ikawa fedha kabla ya fedha. Kisha kuna Malagarasi: mto ulivukwa kwa mitumbwi ya Wavinza, na aliyekalia mtumbwi ndiye aliyetaja bei. Siku hizi kuna Daraja la Kikwete, unavuka hata chai yako haijapoa.

"Kituo cha wenye akili," mtani alisema. "Wengine wanabeba mizigo, wao wanauza chumvi na kuvusha watu."

Nikamwambia anajipendekeza kwa Wavinza. Lakini sikumpinga.

4. Urambo

Sasa tumeingia kwetu, mnisamehe sauti ikipanda.

Mirambo. Mtemi aliyekusanya temi ndogo ndogo kwa vita na ndoa na biashara mpaka Waarabu wa Unyanyembe wakakosa usingizi. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji. Stanley, na bendera yake na mitutu yake, alilazimika kuzunguka kusini siku nyingi ili amfikie Livingstone. Vitabu vya shule husema Stanley alimtafuta Livingstone; havisemi vya kutosha kwamba kwanza alimkwepa Mirambo. Rugaruga wake walikuwa vijana wepesi wenye bunduki na mikuki. Alikufa Desemba 1884, na miaka michache baadaye dola yake ilikuwa imesambaratika mbele ya Wajerumani.

Je, mpagazi angempa namba nne? Tulibishana. Vita humnyima mpagazi kazi. Lakini Mirambo alikuwa Mnyamwezi aliyekataa kuwa mbebaji tu katika nchi yake, akataka kuwa mwenye njia. Mtu anayebeba pembe ya mwingine mabegani ana haki ya kumpenda mtu kama huyo. Nilishinda.

Leo Urambo ni tumbaku, majani yanaanikwa mabanini, na karanga. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walikuja na mradi wao mkubwa wa karanga, Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo, na mashine za kutisha, na mradi ukaanguka. Bibi wa Kinyamwezi mwenye jembe moja aliendelea kuvuna karanga zake. Tulinunua kisado kwa mmoja wao. Tamu kama zimetiwa sukari.

3. Kigoma

Mpwa wangu, hapa soma kwa makini, pana Ujerumani wako.

Kwenye bandari ya Kigoma kuna historia ya meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam na kupanda treni hadi ziwani. Waliiita kwa jina la Goetzen, gavana aliyeizima Maji Maji kwa moto na njaa. Julai 1916, maadui walipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi kwa ajili ya siku nyingine. Waingereza waliinyanyua 1924, na 1927 ikaanza kazi upya kama Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Kwa miongo mingi ilibeba mahindi, mananasi, wakimbizi, maharusi.

Mtani wangu alifupisha: "Jina la gavana lilizama, jina la ziwa likaibuka."

Stesheni ya Kigoma nayo imekaa juu ya maji kama mtu aliyefika mapema kwenye harusi, mweupe, kifua mbele. Ukifika asubuhi umekwisha safiri kilomita 1,250 hivi, unashuka, na dagaa wa jana wanaanikwa mchangani. Mpagazi asingeijua Kigoma. Kituo chake kilikuwa Ujiji. Lakini angeijua harufu ya dagaa, na hiyo inatosha kwa namba tatu. Usiku tulihesabu taa za wavuvi ziwani mpaka tukapoteza hesabu.

2 na nusu. Behewani

Hiki si kituo. Naomba kiingie.

Kati ya Manyoni na Itigi, gizani, treni inapumzika na dirisha linajaa mikono: kuku wa kienyeji, mayai ya kuchemsha, asali ya vichakani ndani ya chupa ya maji, rangi yake ya chai ya rangi. Behewa zima linageuka sebule. Mama aliyekaa mbele yetu, anakwenda Kaliua, alimega kuku wake akatugawia kabla hatujajuana majina. Kambi ya msafara ilikuwa hivi, naamini: moto, chungu kimoja, watu wa makabila sita, na lugha moja wanayoifinyanga pamoja ili wapitishiane chumvi. Wanaosema Kiswahili kilipelekwa bara na walimu na magavana wanasahau chungu hicho.

Sasa treni mpya ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024, kasi ya upepo, na reli yake inajengwa kuja Tabora. Karibu sana. Nina ombi moja kwa wahusika: madirisha hayafunguki, basi yule muuza asali wa Itigi atafutiwe mahali pa kusimama.

2. Ujiji

Kilomita chache kusini mwa Kigoma, nyumba za udongo mwekundu, barabara za michikichi na miembe, wazee wa kanzu. Burton na Speke walifika hapa Februari 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapa 1871, na mahali pao pana jumba la kumbukumbu na miembe ambayo wenyeji husema ni uzao wa ule mwembe wenyewe.

Lakini msimame kidogo kabla ya picha. Nani aliwafikisha? Speke aliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utotoni, akapelekwa India, akarudi mtu huru na kujua njia za bara kuliko mabwana zake. Stanley naye alimtumia, na Cameron baada yake. Mtu mmoja, na wote watatu wakapata umaarufu.

Ujiji ni namba mbili kwa sababu ya ziwa. Fikiria umetoka Mgunda Mkali, umevuka Malagarasi, bega limeota sugu, kisha unapanda kilima cha mwisho na chini yako kuna maji yasiyo na mwisho, matamu, ya kunywa. Kina chake kinakaribia mita 1,470. Kirangozi, kiongozi wa msafara, yuko mbele na bendera nyekundu na vazi lake la manyoya anapiga kelele, bunduki zinafyatuliwa, kengele zilizofungwa kwenye pembe zinalia. Tulifika kwa bajaji, na hata hivyo nilishuka kwenda kuloweka miguu.

"Kwa nini si ya kwanza?" mtani aliuliza. Alikuwa na migebuka ya kukaanga mkononi na hoja yake ilikuwa nzito.

Kwa sababu Ujiji ni mahali pa kufika. Namba moja ni mahali pa kurudi.

1. Tabora, na Kwihara yake

Wazee husema jina limetoka kwenye matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula cha safari kisichooza. Mji uliopewa jina la chakula cha njiani! Mtani alidai ni ushahidi kwamba Wanyamwezi hata mji waliutia mfukoni. Sikatai. Hapa ndipo njia zilipokutana: ya pwani, ya Ujiji, ya Karagwe na Buganda. Hapa msafara ulivunjwa, ujira ukalipwa, na kijana aliyerudi na merikani mbili aliweza kuoa. Kwa Mnyamwezi, kwenda pwani kulimfanya mwanamume.

Tulizunguka siku tatu na bado hatukumaliza. Stesheni ya paa la Kijerumani. Ile hoteli ya zamani ya reli, baraza pana, chai ya tangawizi. Miembe inayofunga barabara kwa kivuli, mikongwe, mashina kama miguu ya tembo. Na tembo mwenyewe yuko kwenye sarafu: mwaka 1916, Dar es Salaam ikiwa inaponyoka mikononi mwao, Wajerumani walihamishia serikali hapa na kupiga fedha katika karakana ya reli, za shaba nyeupe na nyekundu kwa watu, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Tarehe 19 Septemba mwaka huo Wabelgiji na askari wao wa Kongo waliuchukua mji. Sarafu hizo sasa wakusanyaji wa Ulaya wanazigombania. Mpwa, ukiiona moja kwenye kabati la kioo huko Berlin, iambie Tabora inakusalimu.

Lakini kabla ya sarafu kuna Isike, Mtemi wa Unyanyembe. Wajerumani walimshambulia mara kadhaa na akawarudisha. Januari 1893, chini ya Tom von Prince, walivunja ngome yake, naye akaingia kwenye ghala la baruti na kulilipua akiwa ndani. Tulipopita palipokuwa na ngome hiyo sikutaka utani, na mtani wangu alivua kilemba chake, akakikunja, akatembea kichwa wazi mpaka tulipotoka. Sitausahau mkunjo ule wa kitambaa.

Na kuna shule. Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, akarudi baada ya Makerere kufundisha St. Mary's. Januari 1958 TANU ilikutana hapa na kubishana siku kadhaa kuhusu kura tatu, kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walitaka kususia. Wakaamua kuingia. Tukauita Uamuzi wa Busara, na uhuru ukaja 1961. Niulize mimi: mji uliozoea kupokea misafara yenye watu wa kila namna na kuwatoa wakiwa msafara mmoja, ndio uliofaa kwa mkutano ule.

Jioni tuliongea muziki. Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz, Kiko Kids: bendi tatu za mji mmoja. Mtani anazijua gitaa zao zote kwa mdomo. Aliziimba Gongoni hadi muuza michembe akaacha kuuza.

Siku ya mwisho nilikwenda sokoni nikaomba nipimiwe kilo 32 za karanga ndani ya gunia. Mpimaji aliuliza kama nina gari. Nikamwambia tunakwenda Kwihara kwa miguu, kwenye tembe walimokaa Stanley na Livingstone mwanzoni mwa 1872, na ambako Livingstone alibaki miezi akisubiri wapagazi. Akasubiri wapagazi! Daktari, mwandishi, mmoja wa watu maarufu wa zama zake, na hakuweza kupiga hatua mpaka wafike watu wenye mabega.

Tulipokezana. Dakika kumi za kwanza unabeba karanga. Baada ya hapo bega ndilo linalokubeba wewe, linakuamuru uangalie chini, na unaijua njia kwa mchanga wake: huu laini, huu una kokoto. Hatukusema neno kwa muda mrefu, jambo ambalo katika utani wetu halijawahi kutokea. Wao walifanya hivi kutwa, kwa miezi, wakiimba.

Kwihara ni kimya. Tembe, ua, mwembe, kuku. Mtani wangu aliutua mzigo kivulini. Nilitaka kuukalia, akanizuia kwa mkono.

"Mzigo wa watu haukaliwi."

Tukakaa chini, mgongo kwenye shina, tukanywa maji. Mtunzaji wa mahali hapo alimletea mtani wangu kigoda, mama huyo akashukuru na kubaki mchangani.

"Kutoka hapa hadi Bagamoyo ni kilomita ngapi?" akaniuliza.

"Mia nane na ushei."

Akainuka, akajikung'uta kanga, akalishika gunia kwa pembe zake mbili na kuniwekea begani.

"Haya, anza. Tutakungoja pwani."